Safari ya Jubilei Melini: Tulipie Nyumbani au Ng'ambo?

Wapendwa mume na mke, someni somo hili mkiwa wawili, daftari likiwa mezani.

Bwana na bibi mmoja wa jumuiya yetu walikaribia kutimiza miaka 25 ya ndoa. Kwa miaka sita walikuwa wameweka akiba ili wasafiri kwa meli ya kitalii kutoka Barcelona, siku saba katika Bahari ya Mediterania. Binti yao anayefanya kazi Marekani akapiga simu: "Mama, huku bei ni nafuu. Nitumieni pesa niwalipie." Mama akakubali papo hapo. Baba naye alikuwa amekwisha kuzungumza na wakala wa safari Nairobi. Siku tatu nzima hapakuwa na maongezi nyumbani.

Walipotujia, mke wangu hakuuliza nani ana haki. Aliwapa kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Haya ndiyo tuliyoyapitia pamoja.

1. Linganisheni jumla, si bei ya tangazo. Bei ya meli hutangazwa kwa mtu mmoja, kwa hesabu ya wawili wanaolala chumba kimoja. Basi zidisheni kwa mbili, kisha ulizeni ni nini hakimo. Kampuni nyingi za Marekani hutoza bakshishi ya wahudumu kando, mara nyingi dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Chukueni mfano: ng'ambo dola 1,400 kwa wawili bila bakshishi, Nairobi dola 1,650 pamoja na bakshishi. Dola 18 kwa watu wawili kwa siku saba ni dola 252. Ile bei nafuu sasa ni dola 1,652, na gharama ya kutuma pesa bado haijahesabiwa.

2. Ulizeni bei hiyo ni ya nani. Chumba kile kile huweza kuuzwa kwa bei tofauti kulingana na nchi anakoishi abiria. Bei nyingine za chini ni za wakazi wa nchi hiyo tu. Binti anaishi Marekani, lakini wasafiri wanaishi Kenya. Aieleze kampuni ukweli huo kabla ya kulipa, wazazi wasije wakadaiwa nyongeza baadaye.

3. Angalieni shilingi. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilifikia karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilishuka hadi karibu 130. Kwa dola 1,000, hiyo ni tofauti ya shilingi 30,000. Wakala akiwapa bei ya shilingi, mwulizeni itadumu hadi lini. Akiwapa ya dola, mjue hatari ni yenu.

4. Viza kwanza, malipo ya mwisho baadaye. Mkenya anahitaji viza ya Schengen kwa safari hii. Ikiwa meli itatoka nje ya nchi hizo, kama vile kwenda Tunisia, kisha irudi, ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, wala hairudishwi mkikataliwa. Mnatakiwa pia kuwa na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kampuni nyingi hutaka malipo yote yakamilike miezi miwili au mitatu kabla. Ombeni mapema, mpate jibu kabla ya kumaliza kulipa. Tena ulizeni kama malipo ya awali yanarudishwa. Mara nyingi bei ya chini kabisa ni ile isiyorudishwa.

5. Mkikwama, mtamwendea nani? Wakala wa hapa mnaweza kumfikia ofisini. Hakikisheni ana leseni ya TRA, mamlaka inayosimamia biashara za utalii. Ng'ambo sheria ni ya huko. Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 2018 humtaka muuzaji wa safari za jumla kulinda fedha za wateja iwapo atafilisika. Ulinzi huo una thamani, nao uandikwe kwenye hesabu.

Wale wenzetu walipomaliza kuhesabu, tofauti ilikuwa ndogo sana. Ndipo mama akasema aliogopa kumvunja moyo binti yake. Baba akasema aliumia kuona akiba ya miaka sita ikiamuliwa kwenye simu naye hakuulizwa. Kumbe ugomvi haukuwa wa meli! Waliamua kulipia Nairobi. Wakampigia binti wote wawili, wakamwomba awalipie ada za viza iwe zawadi yake ya jubilei. Alifurahi mno.

Huenda hesabu yenu ikaonyesha kwamba ng'ambo ni nafuu kweli. Basi lipieni huko, mradi mmeamua pamoja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Ni matumizi gani mmoja wetu aliyakubali kabla ya kumwuliza mwenzake?
(b) Mtoto au ndugu akitupa shauri la pesa, nani humjibu, na lini?
(c) Tukipoteza malipo ya awali, je, tutaweza kustahimili bila kulaumiana?