Darsa la Twahara: Rangi ya Nywele Ikitoka Kali Kuliko Ulivyotaka



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, darsa la toleo hili limetokana na swali lililoletwa na dada mmoja wa mwaka wa kwanza kwenye halaka ya akina dada. Alijipaka rangi ya pakiti chumbani akikusudia kahawia, nywele zikatoka rangi ya chungwa inayowaka. Mwenzake akamwambia kuwa kwa rangi ile hana udhu wala josho mpaka nywele zikue na zile zenye rangi zikatwe. Kwa neno hilo akaacha kuswali siku tatu, huku akitafuta dawa kali zaidi ya kuing'oa ile rangi. Basi mambo mawili yako hatarini hapa: swala yake na kichwa chake. Tutaanza na lililo kubwa.

1. Je, udhu na josho vinaswihi?

Kanuni ya wanachuoni ni hii: kinachozuia twahara ni kizuizi, yaani kitu chenye mwili kinachokaa juu ya ngozi au nywele na kuyazuia maji yasifike. Mfano wake ni gundi, nta, rangi ya kucha, au unga wa ngano uliokaukia mikononi. Ama rangi tupu iliyobaki baada ya kitu chenyewe kuoshwa, hiyo ni athari tu, na athari haizuii maji.

Ushahidi tunao majumbani mwetu. Mama zetu na bibi zetu wanapaka hina mikononi na kichwani, wanaosha lile tope, rangi inabaki, na wanaswali nayo. Rangi ya pakiti iko vivyo hivyo: dawa yake huingia ndani ya unywele, na ukishasuuza vizuri hakuna tabaka linalobaki juu. Kwa hiyo udhu wake unaswihi, josho lake linaswihi, na swala yake inaswihi, iwe rangi ni kahawia tulivu au chungwa la kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Kinachotolewa katika hukumu hii ni zile rangi za kupuliza au za jeli na nta ambazo hufunika unywele kwa gamba. Jaribio lake ni rahisi: kwangua kwa ukucha. Kikitoka kigamba, kiondoe kabla ya josho. Isipotoka kitu, usijitie wasiwasi.

Kumbuka pia tofauti ya udhu na josho. Katika udhu, kichwa hupakwa maji, kama ilivyo katika Suratul Maida aya ya 6. Kwa Imamu Shafi'i inatosha kupaka sehemu ya kichwa, na kwa Imamu Malik hupakwa chote. Katika josho, maji lazima yafike kwenye mashina ya nywele na ngozi ya kichwa. Bibi Ummu Salama (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama afumue misuko yake kwa ajili ya josho la janaba, akaelekezwa kuwa inamtosha kujimiminia kichwani mateko matatu ya maji, kisha amimine mwilini. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Dini iliyomwepesishia mwanamke mwenye misuko haitamzuilia swala mwenye rangi.

Hata tukichukulia kwamba palikuwa na kizuizi kisichoondoka, swala isingeanguka. Mwenye bandeji ya plasta mkononi hupangusa juu yake au hutayamamu, kwa ufafanuzi wa madhehebu yake, na anaswali. Hakuna mlango wa fiqhi unaomwambia mtu mwenye akili na aliye twahara ya hedhi na nifasi kwamba akae bila swala hadi nywele zikue. Dada yetu azilipe swala zake 15 za siku hizo tatu, kwa utaratibu anaouweza, bila kuchelewa. Na aliyetoa fatwa ile naye asome Suratul Israa aya ya 36, ambayo inamkataza mtu kufuata asilo na elimu nalo. Neno moja lililotupwa chumbani limegharimu swala 15.

2. Kwa nini rangi imewaka?

Ukiijua sababu, utajua la kufanya. Weusi wa nywele unatokana na chembe za asili zinazoitwa melanini. Rangi nyingi za kudumu zina amonia, au kitu cha namna yake, inayofungua magamba ya unywele, na peroksaidi ya haidrojeni inayoupunguza ule weusi ili rangi mpya ishike. Nywele nyeusi zikipunguzwa weusi haziendi moja kwa moja kwenye kahawia. Hupita kwanza kwenye wekundu, kisha chungwa, kisha manjano. Dawa ikikomea njiani, ule wekundu na uchungwa wa ndani ndio unaochungulia. Mara nyingi mashina huwaka zaidi kuliko ncha, kwa sababu joto la kichwa huiharakisha dawa.

Hina ni habari nyingine. Rangi yake hushikamana na unywele wenyewe na hukolea kwa hewa. Siku ya kwanza huwa chungwa kali, na baada ya siku mbili tatu hutulia na kuwa nyekundu iliyoiva, isipokuwa kwenye mvi, ambako hubaki inang'aa. Kwa hiyo kama ulichopaka ni hina halisi, dawa ya kwanza ni subira.

3. Hatua za kurekebisha

Kwanza, usiweke dawa nyingine siku hiyo hiyo. Ngozi ya kichwa imechoka na magamba ya nywele yamefunguka. Osha kwa shampuu, tia kondishena au mafuta ya nazi, uache siku kadhaa.

Pili, usiongeze dawa ya kung'arisha ili "kuondoa" chungwa. Itakupeleka kwenye manjano na nywele zitakatika. Chungwa hutulizwa na bluu, na manjano hutulizwa na zambarau, kwa sababu rangi hizo huzimana. Kinachofaa ni kahawia iliyokoza yenye asili ya bluu au kijivu (kwenye pakiti nyingi huandikwa ash), au shampuu ya bluu.

Tatu, jaribu kwanza. Paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48. Ukiwashwa, ukivimba au ukitoka malengelenge, usiitumie. Ngozi ikiwa salama, jaribu kwenye shungi moja dogo lililofichika kabla ya kichwa kizima.

Nne, ogopa piko na unga usioujua. Wengi wetu hununua hina sokoni, hapa Bujumbura ni Ruvumera, na si kila unga unaoitwa hina ni majani matupu. Hina halisi haitoi weusi. Unga unaotoa weusi kwa dakika chache mara nyingi umetiwa PPD, dawa inayoweza kuunguza ngozi na kumwachia mtu mzio wa maisha. Unga mwingine huwa na chumvi za madini, ambazo zikikutana na peroksaidi huweza kuzipasha nywele joto na kuzikata. Kama umewahi kupaka unga wa namna hiyo, mwambie msusi kabla hajakugusa.

Tano, kama umelainisha nywele kwa dawa, acha angalau wiki mbili kati ya dawa hiyo na rangi. Na ukivimba uso au ukipumua kwa shida, usiulize rafiki, nenda hospitali. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine, na kichwa chako kimo ndani ya hadithi hiyo.

4. Vipi kuhusu kupaka nyeusi juu yake?

Hili ndilo wengi hulikimbilia. Asili ya kupaka rangi ni ruhusa, na kwa mwenye mvi ni sunna. Siku ya ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar (r.a.), kichwa na ndevu zikiwa nyeupe pe. Mtume (s.a.w.) akaamuru weupe ule ubadilishwe, na weusi uepukwe. Ameipokea Muslim. Imepokewa pia kuwa Abubakar alitumia hina na katam, mmea unaoikoleza hina, na Umar (r.a.) alitumia hina peke yake.

Kutokana na hadithi hiyo, Imamu Nawawi katika Mashafi'i ameona nyeusi ni haramu. Wengine wameiona makuruhu, na wapo walioruhusu, wakitaja kwamba baadhi ya Maswahaba walitumia. Hadithi yenyewe imekuja katika mvi, na wengi wameieleza sababu kuwa ni kuficha umri. Ndiyo maana wanachuoni wa leo wamehitilafiana kuhusu kijana anayerudisha weusi wake wa asili.

Ushauri wa darsa hili ni kutoka kwenye khilafu: chagua kahawia iliyokoza. Na tazama hekima yake, hata wasusi watakuambia kuwa nyeusi ya pakiti ni ngumu kuondoa, na kahawia iliyokoza huzima chungwa bila kukufunga.

5. Kwa akina kaka

Hukumu ya twahara ni ile ile. Ukiamua kunyoa, nyoa kichwa chote au punguza chote sawasawa, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kunyoa sehemu na kuacha sehemu. Dada yeye hanyoi kipara bila dharura, lakini kupunguza ncha zilizoharibika hakuna ubaya.

6. Wajibu wa walioona

Nywele za dada ni sitara yake. Kumpiga picha akiwa chumbani bila mtandio na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ili watu wacheke ni dhambi juu ya dhambi: umefichua alichoamrishwa kukisitiri, na umemdhihaki, jambo lililokatazwa katika Suratul Hujuraat aya ya 11. Ukiwa nayo picha ya namna hiyo, ifute leo, umwombe msamaha. Anayemsitiri Muislamu mwenzake, Allah humsitiri duniani na Akhera. Mshike mkono, mpelekee kondishena, na adhana ikilia mwambie, "Twende tukaswali."

Maswali ya kujadili kwenye halaka

1. Taja tofauti ya kizuizi na athari, kwa mifano miwili ya kila kimoja.
2. Mtu amepaka rangi ya kupuliza, akajikuta na janaba alfajiri. Afanye nini?
3. Kwa nini hadithi ya Abu Quhafa haitoshi kuharamisha kila rangi?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.