Ukitaka Kutembeza Wageni Mtaani, Anza kwa Kupiga Hodi

Wadogo zangu wa Makongeni, Mbotela, Kaloleni na mitaa yote inayopakana na Jogoo Road, swali lenu limenifikia. Mmewaona wale vijana wa Nai Nami, walioishi barabarani utotoni, wakiwatembeza wageni kwa miguu katikati ya jiji na kuwasimulia maisha waliyoyapitia wenyewe. Wageni wanalipa, vijana wanapata riziki. Sasa mnauliza kama na ninyi mnaweza kufanya hivyo kwenu, na kama kuna chochote cha kuonyesha zaidi ya kuta kuukuu na nguo zilizoanikwa.

Mnaweza. Na cha kuonyesha kipo tele kuliko mnavyodhani, ila mmekizoea hata hamkioni tena. Dada yenu ana sharti moja tu, nalo nitalirudia mpaka mnichoke: mgeni unayemleta mtaani anaingia nyumbani kwa watu. Asiyekubali kupiga hodi asipelekwe.

Tuanze na hazina yenyewe. Tokeni Makongeni, vukeni hadi Kaloleni, msimame mbele ya ukumbi wa jamii. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, na kazi kubwa ya ujenzi ilifanywa na Waitaliano waliotekwa vitani. Uliwekewa nafasi za wazi na ukumbi katikati, kwa sababu ulikusudiwa watu wenye familia, wakati ambapo Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kupita tu, wa kulala chumba kimoja na wenzake kisha arudi kwao mkataba ukiisha. Hilo peke yake ni somo: mwambieni mgeni atazame nafasi kati ya nyumba na nyumba, halafu ajiulize ni nani aliyepewa nafasi ya kulea watoto katika jiji hili, na ni nani aliyenyimwa.

Lakini ukumbi ndio kiini. Jumapili, tarehe 23 Aprili 1950, Kenya African Union na East African Indian National Congress walifanya mkutano wa pamoja ndani ya ukumbi huo. Makhan Singh, Mkenya mwenye asili ya Punjab na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akatoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Hakuomba nyongeza ya viti katika baraza la mkoloni. Alidai uhuru wenyewe, na hadharani. Mwezi uliofuata alikamatwa, na mwenzake Fred Kubai pia, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Vitabu vya shule tulivyosoma wengi wetu vilimtaja kwa mstari mmoja, kama vilimtaja. Ninyi mna ukumbi wenyewe, hatua chache kutoka vitandani mwenu. Ukiniuliza mimi, hakuna jengo Nairobi linalostahili kusimamiwa kwa muda mrefu zaidi kuliko hilo.

Mkifika hapo msikariri tarehe kama mnafanya mtihani. Elezeni alikuwa nani, alidai nini, alilipa gharama gani. Kisha mwelekezeni mgeni macho upande wa reli, kwenye mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa treni, aone jinsi siasa ya mishahara na siasa ya uhuru zilivyokaa jirani. Mgeni atauliza maswali mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana sehemu inayofuata ndiyo ngumu, na ndiyo inayotenganisha mwongoza wageni na mpiga domo. Majina ya baadhi ya mitaa yenu ni majina ya marehemu. Mbotela ni Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya African Union, aliyeuawa Novemba 1952. Ofafa, tunayemsikia katika Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, ni Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi, aliyeuawa 1953. Wote wawili waliuawa katika miaka ya Mau Mau, na mauaji yao yakahesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau. Vukeni Jogoo Road muendelee, na hamtachoka kabla ya kufika mtaa unaoitwa Kimathi, jina la Dedan Kimathi, aliyenyongwa na serikali ya kikoloni tarehe 18 Februari 1957. Kumbukeni pia Operesheni Anvil iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, askari walipoizingira Nairobi na kuwazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mitaa kama hii na kuwapeleka kizuizini.

Mbotela, Ofafa, Kimathi: asubuhi moja, kwa miguu. Sijui mji mwingine hapa kwetu unaokuwekea majina ya marehemu wa pande mbili karibu namna hiyo. Utakutana na mgeni atakayetaka umwambie nani alikuwa shujaa na nani alikuwa msaliti. Na katika nyumba utakayopita yupo mtu ambaye babu yake alizuiliwa Anvil, na katika nyumba ya pili yupo ambaye babu yake aliuawa kwa panga usiku. Usimfurahishe mgeni kwa kumtukana jirani. Sema lililotokea, sema nani alilipa, sema kwamba leo vibao vya mitaa vinawataja wote. Kama una maoni yako, yaseme ukiwa umesema kwamba ni yako. Wazee wanasikia kila unachosema ukiwa umesimama mlangoni kwao, na ukiwavunjia heshima siku moja, mwezi ujao hamna mlango utakaofunguliwa.

Na akina mama? Wadogo zangu wa kike, hapa nawategemea ninyi. Ukiacha wavulana wapange njia peke yao, utasikia wanasiasa, wachezaji wa mpira na treni, basi. Kabla hamjaandika hata neno moja la safari yenu, tafuteni riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, iliyotoka 1986. Inamfuata Paulina, msichana anayefika Nairobi kwa treni mwaka 1956 kumfuata mumewe anayeishi Pumwani, na mji ukawa mgumu kwake kabla hajaujua. Kisha nendeni Pumwani Majengo mkaulize habari za wanawake waliojenga na kumiliki nyumba zao huko tangu wakati wa ukoloni, na kabla ya hapo kule Pangani ya zamani iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wanawake Waafrika wenye nyumba mjini, wakati sheria na mila zote mbili zilikuwa zikiwabana! Historia hiyo inasimuliwa na mashosho, na mashosho hawaongei na mvulana aliyekuja mbio na simu mkononi. Wanaongea na binti aliyekaa, akanywa chai, akauliza pole pole.

Ila Pumwani ipangieni siku yake, na njia ya Mbotela hadi Kimathi asubuhi yake. Kosa la wengi ni kutaka kuonyesha Eastlands yote kwa asubuhi moja, mgeni akarudi mjini miguu inawaka na kichwani amebaki na vumbi tu. Kutoka Makongeni hadi Kaloleni, kisha kuvuka hadi uwanja wa City, unaobeba sasa jina la mwanasoka Joe Kadenge, na kumalizia soko la Burma kwa nyama, inatosha kabisa. Masaa matatu. Watu wasizidi wanane au kumi, maana kundi kubwa linaziba njia na kumfanya mtoto anayetumwa dukani apite ukutani. Anzeni mapema, kabla jua halijapanda. Kwenye kuvuka Jogoo Road msicheze, simu mkononi hapana, na kila mtu avuke pamoja na mwenzake.

Nirudi kwenye hodi. Wiki moja kabla ya kuleta mtu yeyote, zungukeni nyumba kwa nyumba katika njia mnayotaka kupita. Msitume ujumbe, nendeni wenyewe. "Mama Achieng, habari za asubuhi. Jumamosi tutapita hapa na wageni wachache, tunaeleza habari za mtaa. Tukisimama karibu na mlango wako itakusumbua?" Ukiambiwa ndiyo itanisumbua, njia inabadilika, hakuna kubembeleza. Picha za watu hazipigwi bila ruhusa, na za watoto hazipigwi kabisa hata kama mtoto mwenyewe anajipanga na kucheka. Nguo za ndani kwenye kamba, foleni ya maji bombani, mlevi aliyelala kivulini: hivyo si vivutio. Mgeni akinyanyua simu, mwambie hapo hapo, kwa adabu lakini mbele ya wenzake, ili wote wasikie.

Na pesa. Mzee aliyefanya kazi reli akikaa na wageni wako nusu saa kusimulia jinsi alivyoishi na wenzake katika chumba kimoja, huyo amefanya kazi, alipwe siku hiyo hiyo. Soda na asante havitoshi. Mkubaliane bei kabla, iandikwe, itumwe kwa M-Pesa mbele yake. Mama wa chapati mnapopumzikia naye ahesabiwe. Nimeona matembezi mahali pengi, na yale yanayodumu ni yale ambayo mtaa mzima unajua shilingi imeingia wapi. Yakikuacha wewe peke yako ukitajirika, vijana wenzako watayavuruga, na kusema kweli sitawalaumu sana.

Kuhusu karatasi sitakaa sana. Sheria ya Utalii ya 2011 inamtaka mwongoza watalii awe na leseni kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, basi itafuteni kabla hamjaanza kutoza ada. Chama cha waongoza safari, KPSGA, kina mitihani ya ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Wengi hudhani mitihani hiyo ni ya watu wa mbuga na simba tu, lakini ukiwa na cheti mkononi mzazi wa mgeni aliyeko ng'ambo hulala usingizi.

Limebaki la Makongeni yenyewe, nalo linanichoma moyo. Nyumba hizi zilijengewa wafanyakazi wa reli, na mwaka 2006 mali kama hizi za Shirika la Reli, Muthurwa ikiwemo, zilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi hao ili ziwalipe wastaafu. Hapo ndipo ardhi ikawa na thamani kuliko aliyeishi juu yake. Wapangaji wa Muthurwa walipoanza kufukuzwa 2010 walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki zao zilikiukwa, na kwamba nchi hii inahitaji utaratibu wa kisheria wa kuwahamisha watu. Kesi hiyo inatajwa mahakamani hadi leo mtu akitetea haki ya makazi. Makongeni nayo ikaingizwa kwenye mpango wa nyumba za bei nafuu, na mwaka 2025 wakazi wakaanza kulipwa pesa za kuhama na kuta kuvunjwa.

Sisemi nyumba mpya zisijengwe. Aliyeshiriki choo na majirani kumi ana haki ya choo chake. Ninachosema ni kwamba mtaa ukivunjwa kabla haujasimuliwa, aliyekulia humo hana pa kumpeleka mtoto wake na kumwambia nilizaliwa hapa. Kwa hiyo matembezi yenu ya kwanza msiyafanyie wageni. Yafanyieni watu wa Makongeni wenyewe, hasa waliokwisha kutawanyika. Waiteni warudi, mtembee nao, kila mmoja asimame palipokuwa mlango wao aseme nani alilala chumba gani, duka lilikuwa wapi, nani alikuwa akipiga gitaa jioni. Mmoja wenu arekodi sauti kwa ruhusa yao, mwingine achore ramani kwenye daftari kubwa, safu kwa safu, na kuandika majina wanayokubali yaandikwe.

Wageni wa kulipa watakuja baadaye, na mtakuwa na cha kuwaambia. Wazee waliohama ndio wa kutafutwa kwanza, wadogo zangu, Jumamosi hii hii, kwa sababu wengine wameshapakia vitu na kurudi mashambani na namba zao za simu zinabadilika.