Seva ya Ofisi Ikiharibika, Rekodi Zitarudi?

Vyama vya ushirika, shule na zahanati za kibinafsi zinazidi kuweka rekodi zao kwenye seva moja ofisini. Diski mbili ndani yake, moja ikirudufu nyingine, huwapa wengi usingizi mnono. Lakini karani akifuta daftari la hisa kimakosa, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba seva, amebeba zote. Somo hili linaeleza kinga mbili zinazotegemeana: picha za data na nakala za mbali. Tutatumia mfumo wa ZFS, unaopatikana bila malipo kupitia programu ya TrueNAS.

Picha ya data, au snapshoti kama mafundi wanavyoiita, ni hali ya faili zote ilivyokuwa dakika fulani. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Badiliko huandikwa mahali papya kwenye diski, na picha hushikilia ile ya awali isifutwe. Ndiyo maana hutengenezwa kwa sekunde chache na mwanzoni haichukui nafasi ya maana. Pia haihaririki: programu hasidi ikifunga faili kupitia kompyuta ya karani, picha ya saa iliyotangulia ingali salama, mradi nenosiri la msimamizi wa seva halijaibwa.

Kwa ofisi ndogo, picha moja kila saa wakati wa kazi inatosha, ihifadhiwe siku 2. Na moja kila usiku, ihifadhiwe siku 30. Kufuta faili hakuachilii nafasi hadi picha zinazoishikilia ziishe muda, basi usiache diski zijae kupita asilimia 80.

Hata hivyo picha hukaa kwenye diski zile zile. Moto ukizuka, zinateketea nazo. Hapo inahitajika seva ya pili, katika jengo jingine, inayopokea picha hizo kila usiku. Mara ya kwanza hutumwa data yote. Baadaye tofauti tu. GB 500 kwenye intaneti ya Mbps 10 huchukua zaidi ya siku 4, kwa hivyo anza kwa kuunganisha seva zote mbili kwa kebo ofisini, kisha usafirishe ya pili. Intaneti ikikatika siku 3, picha za kila saa zitakuwa zimekwisha muda. Zile za usiku ndizo zitakazowezesha kazi kuendelea bila kuanza upya. Seva ya pili iwe na nenosiri lake, na ihifadhi picha kwa muda mrefu zaidi, tuseme mwaka mmoja. Data iliyomo isimbwe, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za wanachama na wagonjwa huko pia.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Nakala zao za kawaida zilikuwa hazifanyiki, na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Waliokolewa na picha iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, kwa ajili ya majaribio. Yaliyoandikwa baada ya hapo yalipotea. Basi kila mwezi chagua faili moja, irudishe kutoka seva ya pili, na karani anayeitumia aifungue na kuikagua. Onyo la kazi iliyoshindwa liende kwa watu 2, kwenye barua pepe wanazosoma kila siku.