Mafunzo Niliyopata kwa Kuvalisha Gari Zuri Matairi Mabaya

Mwaka 2011, nikiwa na miaka 41, watoto watatu na nyumba ambayo haijapigwa dari, nilinunua Toyota Altezza RS200. Mke wangu alisimama mlangoni kwetu Nyegezi, akalitazama likiingia uani, kisha akauliza watoto watakaa wapi. Nikamwambia lina milango minne. Sikuwa na hoja nyingine, na hiyo moja niliitumia kwa miaka saba.

Injini ya lita 2, nguvu za farasi 210, gia sita za mkono, msukumo kutoka magurudumu ya nyuma. Kwa barabara za Mwanza zinazopanda na kushuka kati ya majabali, lilikuwa gari la kumfanya mtu mzima atafute kisingizio cha kutumwa dukani. Mimi nilikuwa mhasibu katika kiwanda cha samaki. Kazini risiti haikunipita mpaka nisome hata jina la mpiga chapa lililoandikwa chini kabisa kwa herufi za mchwa. Lakini tairi, ambalo karibu kila kitu chake kimeandikwa ukutani, nilikuwa nalinunua kwa kulipiga teke.

Nakuandikia wewe uliyekwisha kuamua. Sitakushawishi ununue Noah. Unataka Altezza, Mark X au Impreza, na unataka ikate kona kama ilivyoumbwa kukata. Ni haki yako. Nisichotaka ni ulipe ada niliyolipa mimi.

1. Kashata nene zilinilaza usingizi

Gari lilitoka bandarini Dar es Salaam likiwa na matairi yenye kashata nene ajabu. "Bosi, haya utawarithisha wajukuu," aliniambia aliyenikabidhi funguo, nami nikaona nimepata bahati juu ya bahati. Nikaliendesha mwenyewe hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Dodoma na Singida. Jua la saa saba liliponikuta mbele ya Singida nilianza kuhisi jambo. Kila nikiingia kona gari lilisita kwanza, likayumba, ndipo likafuata usukani, kama mtu anayejaribu kugeuka akiwa amesimama juu ya godoro.

Fundi wangu alisema shokapu. Nikanunua shokapu nne. Godoro likabaki palepale. Miezi mitano baadaye zile kashata za kurithisha wajukuu zilikuwa zimekwisha nusu, nikaenda kwa kijana mmoja wa matairi Mabatini. Alichuchumaa, akapitisha kidole ukutani mwa tairi, akaniuliza kwa adabu zote: "Samahani mzee, hivi hapa Mwanza theluji huwa inaanguka mwezi wa ngapi?"

Palikuwa na mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Lilikuwa tairi la majira ya baridi, lile Wajapani wanaloliita sutadoresu. Watu wa Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini hubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka, na gari likiuzwa wakati wa theluji huweza kutufikia na viatu vyake vya theluji. Mpira wake umepikwa ubaki laini hata juu ya barafu, na kila bonge la kashata limechanjwa chale nyembamba ili ling'ate. Ulete mpira huo kwenye lami ya Singida saa saba mchana: unalegea, chale zinajikunja, na kashata zinalika kama sabuni. Hata herufi ya mwendo ilikuwepo, Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, ilhali gari lenyewe lilitoka kiwandani na matairi ya mwendo wa zaidi ya 240.

Tangu siku ile, kabla sijasikiliza fundi anasema nini, nachuchumaa. Na zile shokapu zangu za zamani hazikuwa na ugonjwa wowote. Nasikia zilifanya kazi vizuri sana kwenye gari la mtu mwingine.

2. Nilitafuta matairi ya masika

Baada ya aibu hiyo nikaanza kusoma. Majarida ya magari ya Marekani yalisifu matairi ya kiangazi kwa magari ya aina yangu. Kwetu kiangazi ni Juni hadi Septemba, vumbi na lami kavu. Basi mimi na cheti changu cha uhasibu tukapiga hesabu: seti moja ya kiangazi, seti nyingine ya masika. Nikapiga simu duka moja la Dar kuuliza bei ya zote mbili. Muuzaji akanyamaza kidogo. "Sasa mzee, mvua ikikukuta njiani, utabadilishia wapi?"

Kiangazi wanachokisema wenzetu ni kinyume cha baridi, si kinyume cha mvua. Mpira wa matairi hayo huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Mwanza, hata alfajiri ya Julai pale Capri Point upepo wa ziwa ukikupiga kifuani, hatufiki huko. Kwa kipimo chao, sisi tuko kiangazini Januari hadi Desemba. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba tairi zuri la namna hii hushika sana kwenye maji. Mpira wake hutiwa silika, unga wa madini ambao Michelin waliuingiza kwenye matairi yao mwaka 1992, na huchimbwa mifereji mipana ya kuyatoa maji chini yake. Kumbe tairi la kiangazi na tairi la masika ni hilo hilo moja.

3. Nikajiona Colin McRae

Mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Subaru ya bluu, mimi nilikuwa na miaka 27 na baiskeli. Mwaka 2012 nikaona wakati wangu umefika. Mtu mmoja alikuwa anauza matairi manne ya viwanja vya mashindano, yaliyotumika kidogo, kwa bei ya kutongoza. Safari hii nilisoma ukuta! Pameandikwa TREADWEAR 60. Nikadhani ni namba ya toleo.

Namba hiyo inaeleza mpira utadumu kiasi gani ukilinganishwa na tairi la kipimo lililopewa 100, kwa majaribio yanayofanyika kwenye barabara za Texas. Tairi la 300 linatarajiwa kudumu mara tatu ya lile la kipimo. Kwa kawaida namba ikiwa ndogo mpira ni laini na unashika zaidi, lakini kiwanda ndicho kinachojipa alama chenyewe, kwa hiyo linganisha matairi ya kampuni moja, si ya kampuni mbili. Tairi la 60 hushika kama gundi likishapata moto. Moto huo hupatikana kwa kuzungushwa kiwanjani bila huruma. Kwa kilomita 50 kwa saa za mjini, ambazo trafiki na tochi yake wanazilinda kwa mapenzi makubwa, mpira unabaki umelala. Na mifereji yake ni michache, karibu ya mapambo.

Mvua ya kwanza ya Oktoba ilinikuta Kirumba, karibu na Mwaloni. Anayepafahamu anajua. Malori ya dagaa na samaki yanachuruzika maji hapo mwaka mzima, vumbi la miezi minne limelala juu yake, oili za daladala juu ya vumbi. Ikidondoka nusu saa ya mvua, lami inakuwa mlenda. Nilikuwa kwenye kilomita 35 tu. Nilikanyaga breki, gari likaendelea na safari zake. Niliteleza taratibu kiasi kwamba mama muuza mihogo alipata muda wa kuvuta beseni lake, kusimama, na kunitazama nikigota kwenye ukingo wa barabara mbele yake. "Karibu baba," akasema.

Siku hizi, kwa gari la kasi linaloishi mtaani, natafuta TREADWEAR ya 280 hadi 340, alama ya kushika kwenye maji iwe AA au A, na mifereji mitatu au minne mipana inayolizunguka tairi lote. Wauzaji hupenda kukuonyesha mchoro wa kashata kama kitenge. Mimi hutazama mifereji.

4. Inchi 18 ni za picha

Hapa sina la kujitetea. Palikuwa na harusi, palikuwa na kamati ya magari, nami nikataka gari lipendeze. Nikafunga rimu za spoti za inchi 18 na matairi ya 225/35. Kwenye picha gari limependeza mno. Bibi harusi haonekani vizuri.

Wiki mbili baadaye, usiku, nilitumbukia shimo. Mlio ule sijausahau: rimu mbili zimepinda, na ukutani mwa tairi la mbele pametokea nundu ya ukubwa wa yai la kuku. Tairi lenye nundu limekatika nyuzi ndani; halizibwi, halionewi huruma, linatupwa.

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mapema ni ya darasa la saba. Kwenye 215/45R17, saizi ya kiwandani ya gari langu, ile 45 ni asilimia ya 215, yaani ukuta wa tairi una kimo cha milimita 97 hivi. Kwenye 225/35R18 ni milimita 79. Kwenye 205/55R16 ni milimita 113. Huo ukuta ndio unaosimama kati ya rimu yako na shimo, na Mwanza mawe hayako milimani tu. Mvua huyashusha na mchanga wake hadi katikati ya lami. Nilishuka hadi inchi 16, baada ya fundi kupima kama rimu itapita juu ya breki. Mzunguko wa tairi ulizidi ule wa kiwandani kwa kama asilimia 1 tu, kwa hiyo spidomita haikuanza kusema uongo. Wenzangu walicheka. Nilipoteza ukali kidogo kwenye kona, hilo nakiri, nikapata gari ninaloweza kuliendesha usiku.

Kabla ya kushuka nilipita njia nyingine ya kijinga: nilijaza upepo hadi PSI 45 ili kulinda rimu. Gari likadunda kama mpira wa kikapu na kashata zikaisha katikati. Kipimo sahihi kilikuwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Pima asubuhi, matairi yakiwa ya baridi.

5. Mapya mawili yanakwenda nyuma

Mwaka 2014 fedha zilitosha matairi mawili tu. Nikayaweka mbele. Ndivyo kila mtu alivyoniambia, na akili yenyewe inakubali: mbele ndiko kwenye usukani, mbele ndiko breki zinakofanya kazi kubwa. Ya nyuma yalikuwa hayajawa kipara, bado kidogo.

Tulikuwa tunatoka msibani Musoma, mke wangu mbele, binti yangu wa miaka tisa nyuma. Tulikuwa tumekwisha pita Lamadi, mvua inamwagika, na maji yametuama barabarani penye kona ndefu wala si kali. Matairi mapya ya mbele yaliyakata maji bila shida. Kwa sababu hiyo sikuhisi onyo lolote mkononi. Ya nyuma yakapanda juu ya maji, mkia ukatoka, na kabla sijamaliza kusema "Yesu" gari lilikuwa limesimama kwenye nyasi, linatazama tulikotoka. Kukawa kimya, vifuta kioo tu vinakwenda. Binti yangu akauliza, "Baba, tumesahau kitu Musoma?"

Mama yake hakusema neno hadi Kisesa, na alichosema Kisesa hakiandikiki.

Yule kijana wa Mabatini ndiye aliyenieleza. Ya mbele yakiteleza, gari linanyooka. Unatoa mguu kwenye mafuta, linapunguza mwendo, linarudi. Ya nyuma yakiteleza, gari linageuka, na dereva wa kawaida, nikiwemo mimi na McRae wangu wa moyoni, hana muda wa kulirudisha. Kwa hiyo yenye kashata nyingi yakae nyuma, gari liwe la kusukumwa mbele au nyuma. Nimewaambia watu hili kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na bado mafundi wengi hunitazama kama nimechanganyikiwa.

6. Tairi lina tarehe ya kuzaliwa

Niliwahi kununua matairi "mapya kabisa", yakiwa bado na vinyweleo vya kiwandani, yakawa magumu kama ubao. Tafuta neno DOT ukutani; tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. Yangu yalisomeka 1806: wiki ya 18 ya mwaka 2006. Nilikuwa nimeyanunua 2015, baada ya kukaa miaka mingi kwenye kioo cha duka linalotazama jua la magharibi. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa kitako.

Juni 2025 Daraja la Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, kila kijana wa Mwanza mwenye gari la maana alitaka kuvuka zile kilomita 3 juu ya ziwa ambalo sisi tulilivuka kwa kivuko, tukisubiri saa nzima na kula mahindi ya kuchoma. Mpwa wangu alikuja na Impreza yake. "Mjomba, kesho twende Sengerema, nikuonyeshe gari linavyotulia." Nikachuchumaa, magoti yakalia. Matatu yalikuwa mazuri, ya mwaka 2023, yanafanana. La nne la kampuni nyingine, 0916, limelika hadi karibu na alama ya mwisho wa kashata. Subaru inazungusha magurudumu yote manne. Mzingo wa tairi moja ukipishana na mengine kwa zaidi ya milimita 6 hivi, gia za katikati zinafanya kazi bila kupumzika hadi ziungue, na hiyo ni bei ya matairi mengi.

Nikamuuliza la nne alilipata wapi. "Aa, mjomba, jamaa alinipa bei nzuri."

Kesho yake tulikwenda Sengerema kwa Noah ya mama yake.