Kigongo cha Mtoto na Dawa Yake

Mtoto aliyezaliwa mzima akiota kigongo katikati ya mgongo, watu hunena kwamba alianguka, au amerogwa. Pengine hufichwa nyumbani. Lakini kigongo cha namna hiyo, chenye ncha, yafaa kwanza kukishuku kuwa ni kifua kikuu cha mifupa.

Vijidudu vyake, alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882, huingia kwa pumzi, kisha damu huvichukua hata pingili za mgongo. Huko huila mifupa kama mchwa walavyo boriti: pingili hubonyea kwa mbele, na mgongo hupinda. Tena usaha huukandamiza uzi wa fahamu upitao ndani ya pingili. Ndipo miguu inapokosa nguvu.

Zamani mgonjwa alilazwa kitandani miezi mingi, au alivikwa plasta kiwiliwili kizima. Mwaka 1956 Hodgson na Stock, madaktari wa Hong Kong, walieleza jinsi ya kupasua kwa mbele, kuondoa mfupa uliooza na kupandikiza mwingine. Lakini majaribio yaliyofanywa Korea na Bulawayo tangu miaka ya 1960 yalionyesha kwamba wengi hupona kwa dawa tu, huku wakitembea. Habari hii ni kubwa kwa mtu wa Kitanga, maana katika Tanzania dawa hizo hutolewa bure, wala si kila mgonjwa alazimikaye kusafiri zaidi ya kilometa 1,000 hata Dar es Salaam.

Basi operesheni ni ya nani? Ni ya yule ambaye miguu yake yazidi kulegea ingawa ameza dawa, au ambaye mgongo wake hauwezi tena kujishikilia. Huyo hupelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Madaktari huondoa usaha na kuzikaza pingili kwa skrubu na vyuma. Hata hivyo kigongo cha miaka mingi ni kigumu, na kukinyoosha kwaweza kuidhuru miguu.

Wala vyuma haviui vijidudu. Dawa humezwa kwa kawaida miezi 9 hadi 12, na hapa ndipo wengi hujikwaa: baada ya miezi miwili homa imekoma, mtoto acheza, mama asema amepona. Aachaye katikati huurudisha ugonjwa, pengine ukiwa sugu.

Walimu wa sharika, mzungukapo nyumba kwa nyumba, mtazameni mtoto aliaye usiku kwa maumivu ya mgongo, asiyeinama kuokota kitu bali huchuchumaa mgongo ukiwa wima. Apelekwe Kabanga, au kituo kilicho karibu, kabla kigongo hakijaonekana. (Msichana anayekua, ambaye mgongo wake wapinda kwa upande bila maumivu, ana ugonjwa mwingine, naye aonwe na daktari mapema.) Na miguu ikianza kulegea, au mkojo ukizuilika, msingoje Jumapili ipite, mchukueni siku ile ile.