SOMO LA MWEZI: JOTO LISILO SAWA NDANI YA PIKAPU YA CHAMA



Huenda msomaji wa Nachingwea au Ruangwa akashangaa kuletewa somo juu ya chombo cha kupasha joto ndani ya gari. Katika wilaya zetu dereva hutafuta upepo, hatafuti moto. Ni mara chache tu hita hutumika huku: asubuhi za Juni na Julai, au pale pikapu inapotumwa nyanda za juu za Njombe na Makambako. Hata hivyo pikapu nyingi zilizomo mikononi mwa vyama vya msingi zilitoka kiwandani zikiwa na hita, na hita hiyo hunywa maji yale yale yanayopoza injini. Kwa sababu hiyo, joto la kabini likianza kwenda mrama, aghalabu ni habari inayotoka ndani ya injini, nayo hufika mapema kabla mshale wa geji haujasogea. Katibu asiye fundi anaweza kuisoma habari hiyo kwa mkono wake na kwa daftari la gari.

Kwanza tuielewe njia ya maji. Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda. Injini ikiwa baridi, thamostati huyazuia yasiende kwenye rejeta. Yakifika kiasi cha digrii 82 au 88, kwa kadiri ya namba iliyopigwa juu ya thamostati yenyewe, mlango wake hufunguka. Pembeni mwa njia hiyo kuu kuna mipira miwili membamba inayopenya ukuta wa chuma ulio kati ya injini na kabini. Mpira mmoja hupeleka maji ya moto, wa pili huyarudisha. Katikati yake, chini ya dashibodi, pana rejeta ndogo. Feni hupuliza hewa ikapita katika rejeta hiyo, na kilango kidogo huamua ni hewa kiasi gani ipite penye moto na kiasi gani ipite kando.

Sasa tuziangalie dalili. Ile inayostahili kuangaliwa kuliko zote ni hii: gari likitembea kwa kasi hita hutoa hewa ya moto, bali likisimama huku injini inanguruma polepole hewa hupoa. Maana yake, mara nyingi, ni kwamba maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa ndani ya mipira. Rejeta ndogo ya hita huwa mahali pa juu katika mzunguko, hivyo maji yakipungua yenyewe hukosa kwanza. Pampu ikizunguka kwa nguvu huyafikisha, ikilegea hayafiki. Yamkini pia pampu yenyewe imechoka, au mkanda wake umelegea. Lakini swali la kwanza la Katibu liwe moja tu: maji yamekwenda wapi? Mzunguko huu umefungwa, na gari zima halipaswi kuomba maji kila juma.

Hapa ndipo daftari la safari linaposaidia. Vyama vingi huandika mafuta na maili, lakini maji hayaandikwi kwa kuwa hayanunuliwi. Ongezeni safu moja: tarehe, na kiasi cha maji yaliyotiwa. Pikapu inayotiwa nusu lita kila Jumatatu ina tundu mahali fulani, hata kama chini hapaonekani tone. Kama zulia la upande wa abiria lina unyevu, kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta, na kabini inanuka utamuutamu, basi rejeta ndogo ya hita inavuja. Kama hakuna unyevu popote, na mapovu yanapanda mfululizo kwenye mdomo wa rejeta injini inapowaka, mshukuni gasketi ya silinda hedi. Hilo ni la fundi, na la siku hiyo hiyo.

Fikirini gharama yake. Gari likisimama mwezi wa Novemba, korosho zimejaa katika ghala la chama zikingojea kupelekwa ghala kuu kwa mnada, na wakulima wanasubiri malipo. Silinda hedi iliyopinda hulipiwa kutokana na ushuru ule ule unaokatwa katika kila kilo ya mkulima. Nusu lita ya maji haikuandikwa, na mkutano mkuu unaletewa hati ya madai.

Dalili ya pili ni ya kupima kwa mkono. Injini ikiisha kupata moto, fungueni hita hadi mwisho, zimeni injini, kisha guseni kwa hadhari mipira ile miwili. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Tatizo liko kwenye kilango au waya wake. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili vuguvugu, rejeta ndogo imeziba kwa kutu na chokaa, au koki haifunguki. Yote ikiwa vuguvugu baada ya safari ndefu, maji ni machache, au thamostati imebaki wazi, au haimo kabisa.

Juu ya thamostati lazima tuseme wazi. Iko desturi ya kuing'oa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Hoja hiyo si sahihi. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Fundi akidai kuwa thamostati ni mbovu, itundikeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na muyachemshe. Ikifunguka kabla maji hayajachemka, na kujifunga yakipoa, ni nzima, irudisheni.

Dalili ya tatu ni upande mmoja kuwa wa moto na mwingine baridi. Katika pikapu zenye kitufe kimoja cha joto, sababu ya kawaida ni rejeta ndogo iliyoziba nusu: maji hupita upande yanapoingilia tu. Fundi aifungue mipira na kupitisha maji safi kwa kinyume, polepole, maana mkondo wenye nguvu hupasua rejeta iliyochoka. Magari mapya yenye vitufe viwili, cha dereva na cha abiria, yana vilango viwili, na mara nyingi kimoja ndicho kilichokwama. Msisahau kuuliza kama karibuni gari lilifungwa redio. Mfereji wa plastiki wa hewa ulio nyuma ya dashibodi husukumwa kando na fundi wa redio, na tangu siku hiyo hewa huishia humo humo.

Liko pia joto lisilotoka kwenye maji. Miguu ya mtu mmoja ikiungua ilhali hita imefungwa na mipira yake ni baridi, tazameni ukuta wa injini na sakafu: vizibo vya mpira vimetoka, au bomba la moshi limetoboka chini ya kabini. La bomba lisingoje. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliofunga vioo. Dereva akisikia kichwa kinamuuma kila safari, gari lisitembee mpaka bomba lizibwe.

Nachingwea inajua habari za mitambo iliyokosa matunzo. Mpango wa Karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa na kuenea Urambo na Nachingwea, ulitumia matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya vita. Yaliharibika kwa kasi kuliko karakana zilivyoweza kuyatengeneza, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Sababu zake zilikuwa nyingi, ukame na udongo mgumu zikiwemo, lakini hiyo ilikuwa mojawapo.

Mshale ukipanda njiani, tuseme kati ya Nanganga na Ruangwa na shehena nyuma, dereva afungue hita hadi mwisho pamoja na feni yake, ashushe vioo, na atafute mahali pa kuegesha. Hita itaondoa sehemu ya joto la injini. Lakini hewa ya hita ikigeuka baridi wakati mshale uko juu, maji hayamo tena, na injini izimwe hapo hapo. Geji inaweza hata kushuka kwa udanganyifu, kwa kuwa kipimo chake hakigusi maji. Asifungue mfuniko kwa muda wa nusu saa au zaidi, wala asimwage maji baridi juu ya injini ya moto, maana chuma hupasuka.

Wakati wa kujaza, gari lisimame mbele yake ikielekea mlimani, hita iwe wazi, na injini iwake polepole bila mfuniko mpaka mapovu yaishe. Tumieni dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, au walau maji ya mvua. Maji ya kisima yenye chumvi ndiyo yanayoziba rejeta ndogo kabla ya kubwa.

Maswali kwa kikundi cha kujisomea:

1. Daftari la gari la chama chenu linaonyesha maji yaliyotiwa tangu msimu uliopita? Kama halionyeshi, nani ataanza kuyaandika?
2. Mpira mmoja wa hita ni wa moto na wa pili vuguvugu. Tajeni sababu mbili, na mtakavyozitofautisha.
3. Muulizeni dereva wenu: je, thamostati imo ndani ya injini?