Mkono Umevunjika: P.O.P. au Upasuaji?

Hebu fikiria. Umetoka shule, unarudi nyumbani Bombambili. Bodaboda mliyopakiwa mshikaki inateleza kwenye mchanga. Unajikinga na kiganja, pu! Ukiutazama mkono, umepinda kama uma wa kulia chakula. Na ndio huo unaoandikia, mtihani wa kidato cha nne uko njiani! Utafanyaje?

Kwanza, usiunyooshe mwenyewe. Vua pete na bangili, uning'inize mkono kwa khanga shingoni, nenda hospitali.

NDANI KUNA NINI?
Kati ya kiwiko na kiganja kuna mifupa miwili: rediasi, upande wa kidole gumba, na alna, upande wa kidole kidogo. Ukiangukia kiganja, mara nyingi huvunjika rediasi, karibu na kifundo. Daktari Abraham Colles wa Ireland aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Sisi eksirei tunayo, basi tuitumie!

ULIOTULIA NA USIOTULIA
Mvunjiko uliotulia ukinyooshwa na kufungwa plasta gumu (P.O.P., mtaani "hogo"), hubaki mahali pake mpaka uunge, kwa kawaida wiki 4 hadi 6.

Usiotulia ni mkorofi. Leo umenyooshwa, wiki ijayo umeteleza tena humo humo ndani ya plasta! Hasa kama mfupa umepasuka vipande vingi, au ufa umeingia kwenye kiungo. Kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana unaambiwa urudi baada ya wiki moja kupiga picha nyingine. Wengi hawarudi, maana maumivu yamepungua. Mfupa unaunga umepinda, na baadaye hata kukamua nguo ni tabu.

DAKTARI ANAFANYAJE?
Kwa mvunjiko usiotulia, utapewa ganzi au nusu kaputi, kisha:
1. Pini: nyaya nyembamba za chuma hupitishwa kwenye ngozi hadi kwenye mfupa. Hutolewa baada ya wiki kadhaa.
2. Bamba na skrubu: daktari anapasua, anapanga vipande na kuvikaza. Mara nyingi bamba hubaki humo bila shida.
3. Vyuma vya nje: hutumika hasa kama kuna kidonda kikubwa.

Wewe unayekua, mfupa wako unaweza kujinyoosha kiasi, kwa hiyo si kila mkono uliopinda unahitaji kisu. Lakini uwezo huo unapungua unapokaribia kumaliza kukua.

ANGALIA!
Labda bibi atasema uende kwa fundi akufunge vijiti. Mwambie kwa heshima: fundi hana eksirei, na vijiti vikikazwa sana vinazuia damu, mkono unaweza kuoza. Hata P.O.P. inaweza kubana. Vidole vikiwa vya baridi, vya bluu au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi ukivinyoosha, rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje tarehe ya kliniki!

Songea tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Peramiho si mbali. Kesi ngumu zaidi zinaweza kupewa rufaa, kwa mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

JIPIME
1. Kwa nini picha ya pili ni muhimu hata kama huumwi?
2. Taja dalili tatu za plasta inayobana.
Jadilini darasani, halafu mweleze bibi nyumbani!